Stesheni ya Chumvi, Sehemu ya Kumi na Mbili

Mimi Ruti sina subira na mtu anayenihadithia filamu kabla sijaiona. Niliwahi kumwinua mteja kitini, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimefumuka, kwa kosa hilohilo, na kesho yake alirudi mwenyewe na kilemba chake kuniomba radhi. Kwa hiyo habari za Edina nitazieleza kwa mpangilio wake, zikupige kama zilivyotupiga sisi. Usinikimbize.

Saluni yangu iko Tunduma, nyuma ya soko. Nusu ya wateja wangu ni wa hapahapa, nusu wanavuka mpaka kutoka Nakonde, wanasuka, wananunua mchele, wanarudi kwao. Edina amesuka kwangu mwaka wa tano sasa. Ni Mnyiha wa Itaka, mkono mwepesi, maneno machache. Jino lake la mbele limemeguka pembeni, basi akicheka huziba mdomo kwa kiganja, na akiwa ameshika kitana huziba kwa kitana.

Mume wake, Nsajigwa, alikuwa mtu wa milima ya Ileje, mrefu, mwenye maskhara ya kupitiliza. Alikwenda Saza kutafuta dhahabu. Aliaga wiki tatu, zikawa miaka minne. Hakuna simu, hakuna maiti, hakuna mtu aliyesema nimemwona hapa au pale. Edina alifika Saza mara mbili na picha ya harusi mkononi, akawaonyesha wachimbaji, na wote walitikisa kichwa.

Ukweni nako walikwama. Baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, alisema kikaoni mbele ya ukoo mzima: "Siweki matanga ya mwanangu bila mtu aliyemwona au aliyemsikia akikata roho. Nikimlilia leo, kesho akasimama mlangoni, nitamtazama na macho gani?" Sikuweza kumlaumu mzee wa watu. Lakini aliyebaki katikati ni Edina, si mke si mjane. Alichokuwa anakitaka duniani ni kujua tu kama mume wake yu hai au amekufa. Namba ngeni ikimpigia, alikuwa anaacha kichwa cha mtu na kukimbilia nje kupokea. Mara zote walikuwa watu wamekosea namba.

Na lilikuwapo sanduku. Sanduku la bati la kijani, lina kufuli, liko chini ya kitanda chake. Nsajigwa aliondoka na ufunguo. Mawifi walikuja kutoka Ileje wakitaka livunjwe, Edina akasimama mlangoni na mwiko wa ugali. "Mwenye ufunguo yuko njiani," aliwaambia. Siku moja na mimi kiherehere changu kikanituma nikamshauri avunje, aone kilichomo, moyo utulie. Hakunisemesha siku tatu, na tunafanya kazi chumba kimoja, tunapokezana kitana.

Sasa njoo kwenye televisheni. Pale saluni inawaka kuanzia tunapofungua mpaka tunapofunga, na kwetu filamu ya kizungu hailiwi kavu. Kuna mtu tunamwita DJ. Anapunguza sauti ya wazungu, anaweka yake juu, anasema maneno ya wanaume, ya wanawake, ya watoto, na ya mbwa akijisikia. Anapachika na majina ya huku: mzungu anakimbia na bastola, DJ anasema huyo anaelekea Msangano. Sisi ndivyo tulivyozoea, ikija bila DJ tunaona imepooza.

Basi DJ mmoja wa Mlowo, anajiita DJ Tamko, ndiye aliyetutafsiria tamthilia inayoitwa Stesheni ya Chumvi. Jina lake la kizungu silijui. Ni kitu cha ajabu. Kuna stesheni katikati ya uwanda mweupe wa chumvi, treni haifiki, lakini abiria wapo na mizigo yao. Saa ya ukutani ina mshale mmoja. Mwanamke mmoja anafagia chumvi ndani ya nyumba tangu sehemu ya kwanza, na haipungui. Mkata tiketi hatujawahi kumwona uso, anatupa mgongo tu. Mkuu wa stesheni amepotea, mpelelezi ametumwa kumtafuta, na kila asubuhi mpelelezi huyo anakuta viatu vyake vimelowa, wakati pale hakuna maji hata ya kunywa. Halafu kuna mwanamume wa koti la kahawia. Huyu anakaa kwenye benchi anaongea na sakafu.

Ilitutia wazimu. Nilinunua daftari, nikaandika kila kitu: mshale wa saa umeelekea wapi, nani kavaa nini, viatu vimelowa mara ngapi. Mteja mmoja Mkatoliki alishikilia kwamba wale wote wamekufa na pale ni toharani. Mimi nilisema mpelelezi ndiye muuaji na hajijui. Tumegombana mpaka watu wakahama saluni. Tuliimaliza mara ya kwanza, tukairudia mara ya pili taratibu, tukisimamisha picha. Sehemu ya kumi na moja ilipoisha, tukasubiri ya kumi na mbili, ya mwisho. Haikuja. Muuza filamu wetu alisema DJ Tamko hajaitafsiri na hasemi kwa nini. Miaka miwili watu wanasubiri. Nilimlaani yule DJ kwa kila jina ninalolijua.

Edina peke yake hakuitazama. Ikianza tu, alikuwa anakwenda zake uani kwenye sinki la kuoshea nywele. Tamthilia ya mtu aliyepotea, alisema, anayo nyumbani.

Februari mwaka huu mvua ilinyesha mfululizo, tope limejaa mpaka kizingitini, wateja wakapungua. Kwa ukiwa nikaianza Stesheni ya Chumvi mara ya tatu. Siku hiyo kitini alikuwa amekaa Bana Teresia, muuza vitenge wa Nakonde. Teresia ni binti yake wa kwanza, na Wabemba humwita mama kwa jina la mtoto. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini Kiingereza amekisoma. Alikuwa anaitazama muda mrefu, halafu akageuza shingo, nywele zikinichomoka mkononi.

"Awe," alisema, yaani "hapana" kwa Kibemba. "Ruti, huyu mtu wenu anadanganya. Mzungu hasemi hivyo."

"Hasemi nini?"

"Huyu wa koti hasemi habari za mke. Anasoma bei ya supu. Supu ya kuku, supu ya samaki."

Nikadhani ananitania. Nikamwambia asogee. Alitega sikio kwenye spika kabisa, mahali sauti ya wazungu inasikika kwa chini, akaanza kutueleza moja moja. Mwanamke wa ufagio anauliza kama mvua itanyesha. Mkata tiketi anaimba. Na mpelelezi si mpelelezi. Ni wakala wa bima, amekuja kuuza bima, na mkuu wa stesheni hajapotea, yuko likizo.

Nilikaa chini. Miaka miwili nimegombana na watu kwa tamthilia ambayo haipo. Daftari zima, kurasa tisini na sita, nimemchambua wakala wa bima. Hasira ikanipanda, nikasema huyu DJ hajui hata neno la Kiingereza, katazama picha, katunga, katuuzia.

Bana Teresia akacheka mpaka machozi. Lakini mimi nikirudiwa na akili baada ya hasira huwa naona vizuri. Nikakumbuka kitu. DJ Tamko wengine wote anawafanyia maskhara, anawapa sauti za ajabu, anawachomekea Msangano na Saza. Huyu wa koti hamfanyii. Akifika kwake anashusha sauti, anaongea polepole kama mtu anayesoma barua. Nikarudisha nyuma ili tumsikilize yeye tu, na safari hii nikaongeza sauti mpaka mwisho.

"Mke wangu huweka ndizi mbichi kwenye maharage," alisema mtu wa koti kwa sauti ya DJ, "halafu huniapia kwamba ni viazi."

Uani jagi likaanguka. Edina akatokea mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Rudisha," aliniambia.

Nikarudisha. Akasikiliza amesimama palepale, povu linadondoka sakafuni. Akaniambia nirudishe tena, nikarudisha. Ikaendelea mbele kidogo, mtu wa koti akasema jino la mke wake lilimeguka kwa muwa siku ya kipaimara, akaimba kwaya amefumba mdomo ili mchungaji asione.

Nilimtazama Edina. Habari ya jino mimi mwenyewe sikuwa naijua, miaka yote hiyo.

"Nani mwingine anaijua?" nikamuuliza.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," alisema. Akakaa kwenye beseni lililofunikwa. "Ni yeye, dada Ruti. Yuko hai."

"Hiyo ni sauti yake?"

"Wanazibadilisha kwa mashine. Ni yeye." Halafu uso ukamgeuka. "Yuko Mlowo. Saa moja kwa gari. Miaka minne yuko saa moja kwa gari, anatafsiri sinema."

Sikujua nimpongeze au nimpe pole. Kama yu hai, basi alimwacha mke wake aoze kwa kusubiri huku yeye anakula raha na kipaza sauti. Nilimtukania Nsajigwa ukoo mzima, moyoni.

Asubuhi Edina alikuja amevaa gauni lake la kanisani. Mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko shati la Nsajigwa, limefuliwa, limepigwa pasi. "Atakuwa hana nguo," alisema. Nikafunga saluni, tukaenda.

Muuza filamu alikuwa ametuelekeza: nyuma ya duka la makava ya simu, mlango wa bluu. Edina alibisha mwenyewe. Aliyefungua ni mtu mfupi, kipara, mwembamba. Nsajigwa, kwa urefu wake, kila mlango alikuwa anauingia kwa kuinama. Nilisikia Edina anapumua kwa nguvu kando yangu.

"Siye," aliniambia, akageuka aondoke.

Yule mtu alikuwa anautazama mdomo wa Edina. Analitazama lile jino.

"Shemeji Edina," alisema.

Hawakuwa wamewahi kuonana hata siku moja. Edina aligeuka polepole, ameubana mfuko wa shati kifuani.

"Mume wangu yuko wapi?"

Alituingiza. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, kompyuta moja, kipaza sauti kimevikwa soksi. Akatupa kiti na ndoo, yeye akakaa chini sakafuni. Jina lake la kwao, alisema, ni Lwitiko.

Alisimulia huku ameinamisha kichwa. Kule Saza yeye na Nsajigwa walikuwa wanakula chungu kimoja. Kulikuwa na duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, limefungwa kwa sababu kuta zake zilishaanza kumeguka, na kuonekana karibu yake ni kosa. Wao wakalivizia. Jumapili asubuhi, kambi nzima iko kanisani, Nsajigwa alishuka, Lwitiko akabaki juu na kamba. Ukuta ukaporomoka. Kifusi kikaziba, lakini palibaki upenyo, na kwenye upenyo sauti ya Nsajigwa ikawa inatoka vizuri kabisa.

"Hakuumia?" Edina aliuliza.

"Miguu ilibanwa. Mdomo ulikuwa mzima. Aliongea, shemeji. Jumapili yote na Jumatatu mpaka jioni. Aliongea habari zako. Maharage, jino, kwaya, kila kitu. Alikuwa ananichekesha ili nisiache kuchimba."

"Na wewe ulimwita nani?"

Lwitiko akaokota waya sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Nakuuliza, ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu. Niliogopa. Walikuwa wameshampiga mtu mmoja mwezi ule kwa kuingia duara lisilo lake, alikufa. Nilichimba peke yangu kwa mikono. Sauti ilipokoma nikakimbia."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilimchapa kofi, akagonga ukuta, trei moja ya mayai ikabanduka. Nilikuwa nainua mkono wa pili. Kambi nzima iko kanisani, watu wana sururu na majembe, mtu yu hai chini, anaongea, anatania, na mwenzake anaogopa kupigwa. Siku mbili.

"Dada Ruti, mwache," alisema Edina. Hakupaza sauti. "Hajamaliza."

Lwitiko alishika shavu, akaendelea. Alirudi Mlowo, akawa hawezi kulala, sauti ile iko masikioni. Akajifunza kazi hii ya U-DJ. Ilipokuja Stesheni ya Chumvi, hakuelewa neno hata moja, akamwona yule mtu wa koti anaongea na sakafu, na maneno ya Nsajigwa yakamtoka yenyewe. Tangu siku hiyo, kila akimtafsiri yule mtu, usiku wake alikuwa anapata usingizi kidogo. Alijua iko siku mtu atasikia. Nusu aliomba asikie, nusu aliomba asisikie.

"Alisema nini mwishoni?" Edina aliuliza.

Lwitiko aliitazama kompyuta. "Ndiyo sehemu ya kumi na mbili. Nimeijaribu mara nyingi. Yule wa koti akifungua mdomo tu, mimi sauti hainitoki."

"Iweke."

"Shemeji..."

"Iweke. Nimesubiri miaka minne."

Akaiweka. Mimi niliyekuwa nimeililia sehemu hiyo, sikutamani tena kuiona. Uwanda mweupe ukatokea, treni imefika hatimaye, tupu, milango wazi. Abiria wanapanda. Mtu wa koti amebaki kwenye benchi, akainama, akaanza kuongea na sakafu. Lwitiko aliwasha kipaza sauti kwa mazoea, akasema juu ya midomo ya mtu wa koti:

"Lwitiko, bado upo? Usichimbe tena, pumzika. Nisikilize. Nyumbani kuna sanduku langu la kijani. Edina namjua, hataligusa mpaka nirudi. Mwambie asitafute ufunguo, ufunguo ninao mfukoni, huku chini. Mwambie avunje. Kufuli lenyewe la hovyo, pigo moja tu."

Kwenye picha mtu wa koti aliendelea kufungua na kufunga mdomo, na hakuna sauti iliyotoka.

"Halafu?" Edina aliuliza.

"Halafu hakuna. Nilimwita mpaka giza likaingia."

Tulikaa tunautazama ule mdomo mpaka picha ikaisha. Edina hakulia. Alisimama, akapangusa gauni nyuma, akamwambia Lwitiko: "Keshokutwa tunakwenda Ileje. Utasema hivihivi mbele ya baba mkwe, usiongeze, usipunguze. Tukitoka kwake tunakwenda polisi, utawaonyesha na shimo lenyewe."

"Nitakwenda, shemeji."

Tulirudi Tunduma. Nilimfuata mpaka chumbani kwake bila kualikwa. Alipiga magoti, akalivuta sanduku kutoka uvunguni, likakwaruza sakafu. Halikuwa na vumbi hata chembe, alikuwa analifuta kila wiki.

"Una nyundo?" aliniuliza.

Sikuwa nayo. Nikamletea jiwe la kuegemezea mlango. Alilishika kwa mikono miwili akapiga, na kufuli likafunguka kwa pigo la kwanza. Akalitazama mkononi muda mrefu. Ndani mlikuwa na suruali mbili, cheti cha ubatizo, na kitenge kipya bado kina karatasi ya dukani. Alitoa lile shati kwenye mfuko, likawa limejikunja kwa safari, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka humo juu ya suruali. Ndipo akalia, mdomo wazi, jino lote nje, mkono hakuuinua.

Nilikaa naye sakafuni. Baadaye simu yake ikaanza kuita ndani ya mkoba. Niliitoa nikaangalia, ni namba ngeni, nikamwonyesha. Edina aliitazama ikiita mpaka ikakatika, kisha akanirudishia niizime.